Sanduku la mweka hazina

Kwenye mji mdogo enzi zile meneja wa benki hakuwa mtu wa benki tu, alikuwa mweka hazina wa kila kitu. Msikiti unajengewa choo, pesa anashika yeye. Timu inataka jezi, apelekewe meneja. Umetokea msiba mkubwa, daftari la rambirambi linaishia mezani kwake hata kama marehemu hakuwa anamjua vizuri. Babu yangu mzaa mama aliishi hivyo Masasi kwa zaidi ya miaka 20, na tangu atutoke mwaka jana mi ndo nimekuwa nakaa na karatasi zake, sanduku moja la bati la kijani lile la kumpeleka mtoto bodingi pamoja na maboksi ya mafuta ya kula, yote yako Mbagala kwa mama mkubwa. Naandika leo kwa sababu kwenye familia wapo wanaotaka zichomwe, na mimi sitaki, na nataka nieleze kwanini kwa urefu maana kwenye grupu la wasap ukiandika aya mbili watu wanakuwekea dole gumba wanaendelea na mambo ya mchango wa harusi.

Babu hakutoka kwenye ukoo wa pesa. Baba yake alikuwa na mikorosho na cherehani. Yeye alikuwa ndo anamaliza sekondari wakati Azimio la Arusha linatangazwa, 5 Februari 1967, na kesho yake tu serikali ikataifisha mabenki, Barclays, Standard, National and Grindlays na wenzao, ikaundwa benki moja ya biashara ya umma, NBC, chini ya Amon Nsekela. Benki Kuu yenyewe ilikuwa haijafikisha hata mwaka, ilifunguliwa Juni 1966 gavana akiwa Edwin Mtei. Sasa fikiria hali ilivyokuwa, wageni wengi waliokuwa wanaendesha matawi wakaondoka, milango ya benki inatakiwa ifunguliwe asubuhi kama kawaida na leja zinatakiwa zilingane jioni kama kawaida, kwa hiyo vijana wenye cheti cha sekondari na hesabu nzuri wakachukuliwa wakafundishwa kazi wakiwa kazini. Babu akaingia hivyo, 1968, karani wa leja hapa Dar. Baadaye akapitishwa kwenye kozi IFM, chuo cha usimamizi wa fedha ambacho kilianzishwa 1972, halafu akapangiwa kurudi kusini, Masasi, kwanza mhasibu wa tawi na baadae meneja.

Masasi ya miaka ya 70 ilikuwa mji wa korosho. Msimu ukianza kwenye Oktoba mji mzima unabadilika, baiskeli mpya, redio, ndoa, madeni yanalipwa, na pesa zote hizo lazima zitoke mahali. Kwenye dayari zake (zile dayari ngumu za mwaka mpya ambazo makampuni yalikuwa yanagawa, amezihifadhi kuanzia 1973) msimu unauona kabisa kwa macho. Siku za kawaida anaandika mstari mmoja, mvua, mgeni, homa ya mtoto. Ikifika Novemba anaandika mpaka pembeni mwa ukurasa. Gari la fedha limekwama. Wakulima wamelala nje ya ghala siku ya tatu. Noti ndogo zimeisha, zimebaki kubwa tu na mtu anadai shilingi chache hawezi kugawana noti na jirani yake. Hili la noti ndogo amelirudia mara nyingi sana, nikaja kuelewa kwamba kwake halikuwa jambo dogo, maana wakulima watatu wakilipwa kwa noti moja kuna mmoja ataenda kuivunja dukani na mwenye duka atakata chake.

Afu barabara. Wale wenzangu wa kusini mnajua, kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 pale Rufiji ulikuwa unavuka kwa kivuko, mvua zikikolea njia imekatika, watu wanalala Ndundu. Babu ana ukurasa ambao ameandika neno Ndundu tu na tarehe, siku nne mfululizo, hakuna kingine. Mama mkubwa nilipomwonyesha akasema hiyo ni safari ya kumfuata bibi aliyekuwa amelazwa Muhimbili, na yeye mwenyewe alikuwepo, mtoto mdogo, walikula maembe mabichi.

Sasa hapo kwenye korosho kuna historia ya nchi nzima. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho kama tani 145,000, hakuna msimu ulioizidi mpaka miongo mingi baadae. Halafu ikaanguka, ikaanguka kweli, katikati ya miaka ya 80 zikawa hazifiki hata tani 20,000. Ukisoma vitabu utaambiwa sababu, watu walihamishiwa vijiji vya pamoja kwenye operesheni ya 1974 mpaka 1976 wakaiacha mikorosho mbali, bei ya mkulima ikawa ndogo, ukaja ugonjwa wa ubwiri unga unaokausha maua. Yote kweli. Ila kwenye boksi la babu huo mwanguko unausoma kupitia barua za watu waliokuwa wanamuomba msaada, na ni kitu tofauti kabisa.

Lazima nieleze hizi barua. Benki kipindi kile haikuwa inamkopesha mkulima mmoja mmoja kirahisi, mikopo ya kilimo ilipitia kwenye ushirika na baadae vijijini, na vyama vikuu vya ushirika vyenyewe vikavunjwa 1976. Kwa hiyo mtu mwenye shida haendi kaunta, anamwandikia meneja nyumbani kwake. Barua zinaletwa na mtoto jioni. Miaka ya mwanzo wanaomba ushauri na dhamana ya mambo ya kujenga, bati, cherehani, baiskeli, mmoja anataka kuanzisha hoteli ya chai na maandazi stendi na ameandika bajeti yake mpaka bei ya sukari. Kuanzia kwenye 1980 lugha inabadilika. Wanaomba unga. Wanaomba nauli ya kumpeleka mgonjwa Ndanda. Karo ya sekondari iliporudishwa katikati ya miaka ya 80 zinakuja barua nyingi za karo, na kuna wanaomweleza kwamba wameshauza maua ya mkorosho, yaani wamepokea hela kidogo kwa mavuno ambayo hayajawa hata tunda, hii ambayo sa hivi tunaiita kangomba na kila msimu mawaziri wanaipigia kelele.

Kuna barua moja nimeishika muda mrefu. Imeandikwa na mtu mwingine kwa niaba ya mama mmoja, karatasi imechanwa katikati ya daftari la shule, bado ina matundu mawili ya pini. Chini badala ya saini kuna dole gumba la wino wa zambarau, limebonyezwa kwa nguvu mpaka karatasi imebonyea ukiipapasa kwa nyuma unalisikia. Anaomba shilingi za sare ya mtoto wa kike aliyechaguliwa sekondari. Nyuma ya barua babu ameandika kwa kalamu nyekundu kiasi alichotoa, tarehe, na maneno "mfukoni", kumaanisha ametoa kwake siyo kwa mtu mwingine. Miaka kama miwili mbele kuna tarehe nyingine na kiasi kidogo, amerudisha. Kisha kingine. Mara ya mwisho ameandika "basi", akapiga mstari. Deni halikuisha kwa hesabu, alilifuta yeye.

Hizi ndo barua zenye mgogoro nyumbani.

Mjomba, ambaye ndo mkubwa na kwetu kule mjomba akisema amesema, hataki hata kuziona. Nilimpigia simu kumsalimia nikaingiza hilo la karatasi, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mwanangu, baba alikula kiapo. Mtu wa benki anaapa kutunza siri za watu. Sasa kafa, kiapo nacho ndo kimekufa? Chomeni." Na ana hoja, tena hoja nzito, kwa sababu ndani ya sanduku hilohilo kuna nakala ya tamko la kutunza siri alilosaini siku ya kuanza kazi, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki, kaiweka juu kabisa ya vitu vyote. Na ukiangalia vizuri mzee hakubeba faili hata moja la benki. Hakuna leja, hakuna kadi za saini, hakuna kitu cha ofisi. Alipostaafu 1997, mwaka ambao NBC iligawanywa na benki ya NMB nayo ikazaliwa, vya benki alivikabidhi benki. Vilivyobaki nyumbani ni vya kwake na vya watu waliomwamini.

Mama mkubwa yeye yuko upande mwingine na anaongea kwa ukali wake wa siku zote. "Mkishachoma, kesho atakuja mtu hapo kwenye jukwaa aseme ile shule kajenga yeye, mtamjibu na nini?"

Hapo ndo nilipoanza kuliona hili sanduku kwa namna nyingine. Maana pembeni ya zile barua kuna daftari. Madaftari mengi tu, kaunta buku za mistari, kila kamati na lake, na juu yamebandikwa karatasi jina la kamati na mwaka. Shule ya sekondari ya wananchi. Wodi. Kisima. Bati za kanisa, jamani babu alikuwa muislamu safi, anafunga mpaka zile sita za Shawwal, lakini wakristo wa mtaa wao walipotaka kuezeka walimpelekea yeye pesa awatunzie na hesabu zipo mpaka msumari wa mwisho. Kisima nacho kina hadithi, serikali ilikuwa imeahidi tangu 1971 kwamba ndani ya miaka 20 kila mtu wa kijijini atakuwa na maji safi karibu na nyumbani, miaka ikaenda, watu wakaamua kuchanga wenyewe kipande ambacho bomba halikufika.

Daftari la shule ndo kubwa kuliko yote. Kila ukurasa ana safu nne, jina, alichotoa, thamani, risiti namba. Na alichotoa siyo lazima hela. Kuna aliyetoa kuku, kaandika kuku 1, ameuzwa, kiasi, kwa nani. Kuna debe la mtama. Kuna siku mbili za kufyatua matofali, akazipigia thamani ya kibarua cha siku hizo ili yule mtu naye aonekane kwenye hesabu sawa na aliyetoa noti. Mimi hili limenigusa kuliko chochote kwenye hizo karatasi. Angeweza kuandika tu orodha ya waliotoa pesa, ingekuwa rahisi na hakuna ambaye angelalamika. Lakini yeye alikaa usiku na taa ya chemli akipiga hesabu tofali ngapi kwa siku ni shilingi ngapi, na mwisho wa ukurasa jumla inalingana na vitabu vya risiti, vile vya kaboni, ambavyo navyo vipo, nimelinganisha kurasa nyingi na mashine ya kukokotoa ya simu na zinaingia.

Kuna ukurasa mmoja tu haulingani. Pungufu. Chini yake kaandika pesa imezibwa na mweka hazina kutoka mshahara wa mwezi huo, na ameweka saini mbili, yake na ya mwenyekiti. Mama mkubwa anakumbuka mwezi huo walikula dagaa na mhogo na bibi alikasirika, alikuwa anajua kabisa nani aliyechukua, babu hakutaka kumtaja, na jina halipo popote hata kwenye dayari.

Ndo maana naona kumwita mfanyakazi wa benki inakuwa nusu tu. Madaraka yake yote ya mjini, na alikuwa nayo mengi bila kuwahi kugombea hata udiwani, yalitokana na kitu kimoja, kwamba alishika pesa za watu wa kila aina na siku yoyote ukimuuliza anakuonyesha. Halmashauri zenyewe za wilaya zilifutwa 1972 zikarudi 1984, vyama vya ushirika vilivunjwa 1976 vikaruhusiwa tena 1982, taasisi zilikuwa zinakuja na kuondoka jamani, na katikati ya hayo yote watu wa mji walikuwa wanaendelea kuchangishana, kujenga, kuzika. Nani aliandika? Makao makuu Dar hakuna faili la choo cha msikiti wa Masasi. Lipo kwenye sanduku la bodingi, Mbagala, chini ya kitanda cha mama mkubwa. Na nina uhakika Korogwe lipo lingine kama hilo, Mpwapwa lipo, Kilosa lipo, la mwalimu mkuu mstaafu au katibu wa ushirika au karani wa mahakama ya mwanzo, na siku ya kuanua matanga watu wanagawana mashuka, redio na koti la suti, karatasi zinauzwa kwa kilo kwa wafunga karanga.

Kwa hiyo nimekuwa nikiuliza uliza. Hapa mjini tunazo sehemu mbili zinazojulikana, Nyaraka za Taifa pale Upanga, na chuo kikuu Mlimani maktaba ina kitengo cha East Africana ambacho kina mpaka karatasi za Hans Cory, yule aliyekuwa anakusanya mila za makabila enzi za mkoloni. Wote wanapokea kumbukumbu za watu binafsi kwa makubaliano, na kwenye makubaliano unaweza kuweka masharti. Hilo la masharti ndo lilinifungua akili. Nyaraka za serikali zenyewe kwa sheria ya 2002 kwa kawaida zinakaa miaka 30 kabla hazijafunguliwa kwa watu, sasa kama serikali inajipa miaka 30, yule mama wa dole gumba hawezi kupewa?

Nilichopendekeza kwa familia ni hiki. Madaftari ya michango na vitabu vya risiti viende, wazi, mtu yeyote asome, kwa sababu zile zilikuwa hesabu za hadhara tangu siku ya kwanza, zilisomwa mbele ya mkutano. Dayari tuzisome sisi kwanza, wakubwa wakiwepo, za ndani ya nyumba zibaki ndani ya nyumba. Barua za watu zisichomwe na zisipigwe picha wala kurushwa popote, hata kwenye grupu la familia, zifungwe kwenye bahasha kwa miaka 30 na masharti yaandikwe, na kama tutaifahamu familia ya mwandishi tuwarudishie wenyewe waamue. Kuna mjukuu mahali huenda hajui kwamba bibi yake alimsomesha mama yake kwa njia hiyo na angependa kujua, au asipende, ni haki yake siyo yangu.

Wakati huohuo kuna kazi ya mikono maana unyevu wa huku hausubiri vikao vya ukoo. Pini na klipu za zamani zimeota kutu na zinakula karatasi, nazitoa taratibu kwa kisu cha mezani kisicho na makali, siyo kwa kuvuta. Boksi halikai chini sakafuni, mchwa wa Mbagala wana njaa, nimeweka juu ya mbao mbali na ukuta. Binamu alijitolea kwa moyo mzuri kabisa kuzipeleka steshenari zikawekwe plastiki zile za moto ili zidumu, nikamuomba sana asifanye hivyo, ile plastiki haitoki tena na joto linaiharibu karatasi ya zamani, bora bahasha ya karatasi nyeupe na hewa. Na zile kamba za katani alizofungia mafungu yake sizivurugi. Ukishapanga upya kwa tarehe umeshapoteza, kwa sababu yeye barua ya shukrani ya mwalimu aliifunga pamoja na risiti ya saruji, na hayo mawili yakikaa pamoja ndo unajua saruji ilifika.

Picha nazo. Kuna moja ya kukabidhi madarasa, watu wamesimama kwenye mistari, nyuma yao ile milima ya mawe ya Masasi, babu yuko pembeni kabisa kushoto na daftari kwapani. Mama mkubwa anawajua karibu wote. Kila nikienda tunakaa naye, anaweka kidole juu ya uso anataja jina, ukoo na mtaa, mimi naandika nyuma kwa penseli, siyo kalamu ya wino, wino unapenya. Macho yake hayako vizuri kwa hiyo tunafanya mchana, mlangoni, na hapo ndo nimejifunza kwamba mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa fundi baiskeli na aliyetia saini ya mashahidi alikuwa mkunga.

Mjomba bado hajakubali lote. Juzi amepiga mwenyewe, nikamwambia shikamoo mjomba, akaitikia, akauliza kama kwenye madaftari kuna la kisima, nikamwambia lipo. Akanyamaza kidogo akaniambia nimsomee majina ya ukurasa wa kwanza. Nikasoma. Kila jina analiambatanisha na neno, huyu marehemu, huyu yuko Newala, huyu mwanawe ndo daktari. Tulipomaliza ukurasa akasema madaftari yaende Upanga, hana neno, ila barua atakuja kuziona kwa macho yake kwanza na ndo atasema. Anakuja baada ya msimu kufungwa, akishalipwa korosho zake. Nimeshamwambia mama mkubwa, na tumekubaliana akifika tuanze na dayari za 1974 mpaka 1976, ambazo ndo zina mambo mengi ya ushirika na yeye mjomba alikuwa na umri wa kukumbuka.